Peremende Ndani ya Eda

Mume wangu alikuwa akifanya kazi katika duka la dawa la Mgoa mmoja, Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wenye miavuli hawapishani. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango asubuhi, kuosha chupa, na kufunga chumvi ya haluli katika vikaratasi. Ng'ambo, tulikokaa, watu walimwita daktari. Yeye hakupata kuwakataza. Mtu alikuja na jipu, naye akalitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hili litapasuka." Likipasuka, sifa zake zikazidi.

Mgoa yule, kila ikikaribia Krismasi, alipika peremende nyuma ya duka kwa ajili ya watoto wa kanisani kwao, na mume wangu ndiye aliyekuwa akimsaidia kuvuta sukari. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, Ramadhani ilipokuwa inakwisha, akaja nyumbani na chupa ndogo ya mafuta ya peremende ndani ya mfuko wa koti. Akaniambia kwamba kuanzia mwaka ule Idd ya nyumba yetu haitakuwa ya tambi na tende peke yake.

Siku ya kupika alijifungia jikoni, uani, kama mtu anayetengeneza fedha za bandia. Mimi na mama yake tulikaa nje ya mlango, tukisikia sukari ikipigwa kwenye msumari. Nilipomwuliza inafanywaje, alinijibu, "Mambo ya kidawa hayo." Nikanyamaza, maana nilikuwa bado mke mpya.

Asubuhi ya Idd, akirudi msikitini, alikaa barazani na sinia la shaba mapajani, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama. Peremende zilikuwa nyeupe, zenye mistari miekundu, zimekatwa kwa mkasi. Kila mtoto wa mtaa aliyepita kwenda kwenye viwanja vya Idd alipewa moja. Watu wazima walipita mara mbili mbili, wakisema wanawachukulia watoto walio wagonjwa nyumbani. Sijaona mtaa wenye watoto wagonjwa wengi kama wetu siku ya Idd.

Hivyo ikawa kila mwaka, mpaka akafariki. Alifariki mwezi wa Rajabu, kwa homa ambayo haikumpa nafasi hata ya kutafutiwa dawa dukani kwao. Sina zaidi ya kueleza juu ya hilo.

Mimi si mtu wa kupiga kelele. Siku ya maziko walikuja wanawake kutoka mitaa ya mbali, wengine hawakupata kumwona hata siku moja, wakalia kwa sauti mpaka ikabidi wapepewe. Mimi nilikaa kimya kwenye mkeka. Nikawasikia nyuma yangu.

"Yule ndiye mkewe?"

"Ndiye."

"Mbona amekaa kama anangoja kuitwa kwa tabibu?"

Kimya changu kikashikwa, kikawekwa kama deni.

Nikaingia eda. Hukumu za eda nilizijua, maana chuoni, kwenye Kurani, nilisoma vizuri kuliko skuli, ambako nilikwenda miaka michache tu. Mjane akae katika nyumba ya mumewe, asijipambe, asitie manukato, asiolewe, mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Hayo ndiyo niliyoyajua. Mengine nilifundishwa na jirani.

Jirani huyu alikuwa mwanamke wa makamo, nyumba yake na yetu ukuta mmoja wa udongo, naye alijichagua mwenyewe kuwa mlinzi wa eda yangu. Alikwisha kukaa eda mara mbili, na sasa alikuwa na mume wa tatu, mtu mpole sana, ambaye nadhani aliitunza afya yake kwa uangalifu. Kwa ujuzi huo akaniongezea sheria. Nisitazame kioo. Nisitazame mwezi. Nisimjibu muuza samaki kwa sauti laini. Na siku moja aliponikuta uani namwaga pumba, akaniondoa mbio.

"Jogoo yule!" akasema. "Usimkae karibu."

"Ana nini, Bi mkubwa?"

"Ni mwanamume."

Tangu siku ile kuku wetu walilishwa na mama mkwe.

Mama mkwe tulikaa naye nyumba moja. Yeye pia hakulia tangu mazikoni, lakini hakuna aliyemsema, kwa kuwa alikuwa mtu mzima na mtoto alikuwa wake. Ramadhani ilipoingia, kila magharibi aliniambia niweke vikombe vitatu vya uji. Nikaweka vitatu. Cha tatu kikapoa mbele yetu, kisha nikakimimina chunguni, na kesho yake tukafanya vilevile.

Kumi la mwisho lilipoingia, siku moja akaniambia, hali anachambua mchele na macho yake yako kwenye ungo:

"Idd inakuja."

"Inakuja, Mama."

"Sinia lisipotoka mwaka huu, mwanangu atakuwa amekufa kweli."

Mimi nilijua amekufa. Shuka aliyofunikwa siku ile ilitoka kitandani kwangu. Lakini nilimtazama mama yule, mabega yake yamekuwa membamba kama ya mtoto, nikaona kwamba akili yake yote imeegemea kwenye sinia lile, na kama haliko, ataanguka. Kuanzia hapo nikawa na haja moja tu: sinia litoke.

Chupa ya mafuta ilikuwepo. Marehemu alikwisha kuileta mapema, nayo ilikaa juu ya kabati katika karatasi ya dukani kwao. Rangi nyekundu hakuwahi kuileta. Sukari nilikuwa nayo, ndimu ninazo. Nilichokosa ni kujua. Nikajiambia kwamba mwanamke anayepika halua na visheti hawezi kushindwa na pipi.

Yalikuwa masika. Mvua ilikatika baada ya alasiri, nikatia mkaa kwenye seredani, nikateleka sukari na maji, nikakamulia ndimu. Kuonja siwezi, nimefunga. Nikaitazama mpaka ikawa nzito, ikatoa mapovu makubwa ya polepole; nikadondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, likavunjika kama kigae. Vizuri. Nikachukua chupa, nikaifungua, nikamimina zaidi ya nusu ndani ya sufuria, ikiwa papo hapo juu ya moto.

Naomba nisihukumiwe haraka. Uji hutiwa pilipili manga ukiwa jikoni. Pilau hutiwa viungo ikiwa jikoni. Sikuwa na sababu ya kufikiri kwamba peremende ina desturi nyingine.

Sufuria ilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa. Ukapanda mvuke mweupe, ukanipiga machoni, ukapita juu ya makuti, ukatoka nje. Hewa ilikuwa imelala baada ya mvua, kwa hiyo harufu haikwenda mbali. Ilishuka ikakaa mtaani. Upande wa pili wa ukuta wa ua palikuwa na baraza ambapo wazee walisukuma bao kungojea magharibi. Nikawasikia kete zinasimama.

"Nini hiki?"

"Dawa ya mbu. Serikali inapuliza."

"Serikali haijapata kunukia vizuri namna hii."

"Mie koo langu limepoa, jamani. Saumu yangu je?"

"Kwani umemeza?"

"Sikumeza. Nimevuta."

"Basi usivute."

"Nisivute pumzi mpaka magharibi?"

Jirani aliingia bila hodi. Alisimama mlangoni mwa jiko, pua juu, mkono kifuani.

"Unajifukiza!" akasema.

"Napika peremende, Bi mkubwa."

"Peremende! Mwanamke yumo edani, udongo wa kaburi la mumewe haujakauka!"

Mama mkwe akajibu kutoka chumbani, "Masika haya, udongo gani uliokauka?"

Jirani hakumsikiliza. Alinisogelea, akanusa kaniki yangu, akanusa mtandio, akanusa mpaka kiganja.

"Kaniki inanukia," akasema.

"Inanukia kwa sababu nimesimama karibu na sufuria."

"Ndivyo wasemavyo wote. Nilisimama karibu na chetezo, nilipita karibu na muuza vikuba vya asumini. Mwanangu we, hayo ni manukato, na manukato yanavunja eda. Ya kwako imevunjika leo, itaanza upya. Nimekwambia mie, usije ukasema hukuambiwa." Akatoka kwenda kuwaambia wengine, wasije nao wakasema hawakuambiwa.

Nilibaki na sufuria. Nikaimwaga sukari kwenye sinia lililopakwa mafuta ya nazi, nikaivuta peke yangu kwa namna nilivyodhani, nayo ikanigandia mikononi, ikawa si nyeupe wala si njano. Nilipoikata ilikatika kama sahani iliyovunjika, hakuna kipande kinachofanana na mwenzake. Tena mafuta yote yalikuwa yamekwisha kuondoka na mvuke. Mtaa mzima ulinukia peremende isipokuwa peremende zenyewe. Lakini sinia lilijaa. Nikalifunika kwa kawa, nikamwonyesha mama mkwe. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kulala kidogo kabla ya futari.

Kesho yake mtaa ulikuwa umegawanyika. Palikuwa na watu wa manukato na palikuwa na watu wa chakula. Mimi nilikuwa ndani, siwezi kutoka, lakini kuta zetu za udongo hazikuzuia kitu, nami nilisikia kesi yangu kama niliyekaa katikati ya mahakama.

"Udi unaliwa?" aliuliza jirani, yuko kisimani. "Nijibuni. Udi unaliwa?"

"Hauliwi," wakajibu.

"Basi."

"Basi nini? Peremende inaliwa."

"Kinachonukia ni manukato."

"Na samaki je?"

Wakacheka. Kisha mwanamke mmoja wa upande wa chakula akaleta hoja iliyowanyamazisha wote: maji ya marashi hutiwa kwenye halua, na hayo hayo hunyunyizwa mwilini. Ni chakula au ni manukato? Kila mmoja akaona kwamba mambo haya ni mazito kuliko alivyodhani. Wakakubaliana aulizwe mwalimu wa chuo.

Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Jirani alikwenda kwake mwenyewe, akaja na jibu.

"Anasema hawezi kusema juu ya kitu asichokijua. Anataka akione."

Nikatoa peremende mbili.

"Mwanangu, unampelekea mwalimu mbili? Ana wake, ana wanafunzi. Na hukumu hii inawahusu wote."

Nikatia gao la mkono. Akalitazama, akatia lake.

Kwa kuwa mchana ni saumu, uchunguzi wote ulifanywa baada ya futari. Jioni ile ile mwalimu akarudisha habari kwamba ladha ameipata, lakini harufu haiko kama iliyosikiwa mtaani, basi aletewe nyingine, huenda zile zilikuwa za upande mmoja wa sinia. Zikapelekwa za upande wa pili. Tena hakuwa peke yake. Wanawake waliingia wawili wawili, wamevaa mabuibui, wanasalimia kwa huzuni, wananiuliza hali, wanampa pole mama mkwe, kisha jicho linakwenda kwenye kawa.

"Na hizo ndizo?"

"Ndizo."

"Hebu, mie nataka nijue nasimama upande gani." Akatia moja mdomoni, akafumba macho. "Mmm. Mie naona chakula hiki."

"Usiseme mbio, shoga," mwenziwe akamwambia. "Onja tena upate yakini."

Akapata yakini. Akachukua nyingine ya kumpatia yakini mumewe.

Wale wa manukato walikula zaidi, maana wao walikuwa na kazi ngumu. Walitafuta harufu ambayo haikuwemo. Mimi sikumkatalia mtu. Mjane akimnyima mtu aliyekuja kumpa pole anasemwa, na mimi nilikwisha kusemwa kwa kimya changu, nikaogopa kusemwa kwa mkono wangu.

Siku chache zikapita hivyo. Kisha jirani akaja na hukumu. Alisimama katikati ya ukumbi, akaitoa kama aliyeiandika yeye.

"Mwalimu anasema: kikitiwa kwa ajili ya mdomo ni chakula. Kikitiwa kwa ajili ya mwili ni manukato. Chako wewe ni chakula. Eda yako nzima, hukuvunja kitu." Uso wake ulikuwa na uchungu wa mtu aliyeshindwa kwa haki. "Tena anasema, mkewe ana kikohozi. Kama zimebaki."

Nikafunua kawa. Sinia lilikuwa jeupe. Palibaki unga unga wa sukari na sisimizi.

"Zimekwenda wapi?" akauliza.

"Mmezila, Bi mkubwa."

"Hatukuzila. Tumezichunguza."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliliangalia sinia, akaliangalia sana, kisha akarudi chumbani akalala, amegeukia ukuta. Magharibi ilipofika nilimpelekea tende na uji. Hakugeuka. Nilimwita, akajibu "naam," lakini hakugeuka. Nikakaa karibu na kitanda chake mpaka uji ukapoa. Usiku ule nilimimina vikombe viwili chunguni.

Asubuhi watu walisema huenda mwezi ukaonekana jioni. Nilikwenda kwenye ukuta, nikamwita jirani, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo sijui niliyatoa wapi.

"Bi mkubwa. Mama hakufuturu jana, na daku hakula. Ananiambia sinia lisipotoka mwanawe atakuwa amekufa kweli. Sinia halina kitu. Na sukari yangu mmeimaliza kwa hukumu."

Upande wa pili nikasikia miguu yake ikiondoka. Nikadhani amekasirika amekwenda zake. Baada ya muda alikuja, amebeba sukari kwenye pindo la kanga, nyingi, yote aliyoiweka kwa tambi zake za Idd. Akaiweka mbele yangu, akapandisha mikono ya buibui lake.

"Washa moto," akasema. "Usinitazame hivyo. Washa moto."

Nimemsema vya kutosha huko nyuma, na niliyoyasema ni ya kweli. Hili nalo ni la kweli.

Sukari ilipochemka na kuwa nzito, nikachukua chupa. Ilibaki na mafuta ya kulowesha chini tu. Nilipokuwa nataka kuyatia, sauti ikatoka chumbani.

"Sio sasa."

Tukageuka. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, mlango uko wazi.

"Alikuwa akiyatia wakati anavuta. Ikishatoka motoni, ikishapoa kidogo. Anakunja, anatia, anavuta."

"Mama, umejuaje?"

"Nilikuwa nachungulia. Mlango wa jiko una tundu."

"Na mara ile mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema. "Nawe ulikuwa unapika kwa uhakika sana."

Tukaimwaga sukari kwenye sinia, tukangoja mpaka kingo zikawa zinanyanyuka. Tukajipaka mafuta ya nazi mikononi. Jirani alishika kwanza, akapiga ukelele uliowafikia wazee wa bao.

"Moto! Huu moto! Mumeo alikuwa na mikono ya nini?"

"Vuta, Bi mkubwa, itaganda."

"Navuta! Nimefunga mie, nguvu nitazitoa wapi? Shika huko!"

Tukaitundika kwenye msumari, tukaivuta, tukaikunja, nikatia mafuta ndani ya mkunjo, tukaivuta tena. Ikaanza kung'aa. Ikawa nyeupe, nyeupe kama zake. Mama mkwe alikuja akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akatoa amri kutoka hapo: kaza, legeza, sasa sokota. Kwa kuwa rangi nyekundu haikuwepo, tulitia rangi ya biriani, mistari ikawa ya njano. Nilikata kwa mkasi, jirani akagaragaza vipande kwenye unga ili visishikane kwa unyevu wa masika. Hakuna aliyeonja. Tulikuwa watatu, na hapana aliyejua tumefanya nini.

Jirani alirudi kwao amelowa jasho, buibui lake linanukia peremende kutoka juu mpaka chini. Tukasikia kupitia ukutani sauti ya mumewe yule mpole.

"Leo unanukia vizuri, bibi."

"Nyamaza. Umefunga."

Magharibi mzinga ulilia, mwezi umeonekana.

Asubuhi mama mkwe alivaa kanga mpya. Mimi nilivaa kaniki yangu. Watu waliporudi kuswali alilibeba sinia mwenyewe, akakataa nimsaidie hata mpaka mlangoni, akatoka akakaa barazani, pale pale. Mimi mahali pangu palikuwa ndani, nyuma ya mlango. Niliuacha wazi kidogo kama upana wa kidole, nikasimama hapo nimeshika komeo. Sikuona kitu isipokuwa bega lake. Nilisikia.

Watoto walikuja kwa makundi, viatu vipya vinalia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Chukua."

"Bibi, mbona mstari wa njano?"

"Mwaka huu wa njano. Chukua, mpishe mwenzako."

"Shikamoo, Bibi. Mama kasema nimchukulie na mgonjwa."

"Mgonjwa aje mwenyewe."

Kisha kitoto kimoja, kwa sauti ndogo sana, kikauliza, "Daktari yuko wapi?"

Nikaona bega likasimama. Mtoto mwingine, mkubwa zaidi, akamjibu mwenziwe kwa haraka, kwa namna watoto wanavyojibu.

"Kafa yule. Hujui? Kafa."

Nikataka kufungua mlango, nitoke, eda au si eda. Nilikuwa nimekwisha kulivuta komeo. Ndipo nikamsikia.

"Ndiyo," alisema mama mkwe. "Kafa. Nyoosha mkono, mwanangu, uchukue peremende."

Akaendelea kuwapa, mmoja mmoja, mpaka sinia likawa tupu.

Alipoingia ndani aliliegemeza sinia ukutani, akakaa mkekani, akafungua fundo la kanga yake. Alikuwa ameficha mbili. Akanipa moja, akatia moja mdomoni mwake. Tukamumunya. Ilikuwa na ubaridi mdogo tu, wa kupita, kwa sababu ya uchache wa mafuta. Nilijua hazikuzifikia zake, nikangoja aniambie.

"Hizi zinalika," akasema.

"Zinalika, Mama?"

"Zake zilikuwa zinaniunguza ulimi. Kila mwaka. Nilikuwa nakula moja barazani mbele ya watu, machozi yananitoka, nasema nimemkumbuka baba yake."

Nikamtazama nione kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha.

"Hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Alivyokuwa akikaa pale na kanzu yake." Akaihamishia peremende shavu la pili. "Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nazitema kwenye leso," nikasema. "Nazifukia uani. Miaka yote."

Alianza kucheka kwanza yeye, cheko la chini chini lililomtikisa mabega, kisha mimi. Tulicheka mpaka tukashikana. Sijui ni wapi cheko lilipogeuka. Najua tu kwamba nilimsikia akitoa sauti ambayo hakuitoa siku ya maziko, na nyingine ikatoka kwangu, kubwa, mbaya, ambayo sikuijua kwamba nilikuwa nayo, nasi tuko tumeshikana vilevile, peremende zingali mdomoni.

Jirani akaingia mbio, bila hodi kama kawaida yake, nguo mpya, wanja machoni.

"Haifai kucheka edani!" akasema. Kisha akatuona vizuri. "Haifai kulia siku ya Idd!"

Akasimama pale, mkono umeinuka, hajui atukataze lipi. Mama mkwe akamsogezea upande wa mkeka, naye akakaa.